Kichanja cha Shangazi

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu tulikubaliana kwamba mambo ya kiwanda yasipitie simu tena. Kwenye simu wewe husema "tufafanue kwanza," nami husema "kafafanue na ukoo wako," na kwa kuwa ukoo wako ndio wangu, tunaishia kununiana juma zima. Karatasi ina subira kutuzidi.

Wakala wa vifaa vya shule alikuja juzi. Anataka maboksi elfu moja na mia nane ya chaki nyeupe ndani ya siku arobaini na tano. "Mama," akaniambia huku akikung'uta unga kwenye mkono wa koti lake, "nyie mmekuwa wadogo muda mrefu mno. Mkikataa sasa, sitauliza tena." Jibu analitaka kabla ya tarehe ishirini.

Hali ni hii. Tunatoa maboksi sitini kwa siku. Arobaini yana wenyewe, wateja wetu wa siku zote. Yanabaki ishirini, na wakala anahitaji arobaini kila siku. Kumimina plasta hakutusumbui, kalibu zinalala tangu mchana. Tunachokosa ni nafasi ya kukaushia. Chaki ikitoka kwenye kalibu hukaa kwenye trei siku tatu, na trei tulizo nazo ni mia moja na ishirini, juu ya vichanja vinne vya trei thelathini kila kimoja. Vitatu ni vya chaki nyeupe. Cha nne, kile cha dirishani, ni kichanja cha Shangazi, cha chaki bapa anazowatengenezea mafundi cherehani. Hizo hukauka siku tisa. Chumba cha kukaushia ni himaya yake. Mimi nashinda mbele na wateja, kwa hiyo hayo nimeyahesabu kutoka mlangoni.

Nipe jibu la kitaalamu: nikue au nibaki nilivyo? Sharti langu ni moja. Shangazi asiumie. Alitulea Baba alipofariki, na kiwanda kisicho na yeye sikijui wala sitaki kukijua.

Amenikuta nakuandikia, akasema kwa lile jina lako la utani: "Msalimie Nukta. Muulize kama bado anasahihisha vibao vya maduka."

Dada yako

*

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha unga juu ya neno "mia nane". Nimegawanya kwa siku arobaini na tano nikapata arobaini kamili, kwa hiyo nimeridhika kwamba ni mia nane kweli.

Nianze na istilahi, maana bila hizo tutabishana kuhusu maneno tukidhani tunabishana kuhusu mambo. Mchango wa bidhaa ni kile kinachobaki katika bei yake baada ya kuondoa gharama zinazopanda na kushuka pamoja na uzalishaji: plasta, maboksi, ujira wa vipande. Trei ya chaki nyeupe huuzwa elfu moja na kula mia nne. Mchango wake ni mia sita. Trei ya chaki bapa, kwa bei ulizowahi kunitumia, ina mchango wa mia tisa. Mtu mwenye haraka angesema bapa ndiyo bora.

Mtu huyo angekosea. Kikwazo chenu si wateja wala kalibu, ni siku za trei, na kila bidhaa ipimwe kwa kiasi inachokula cha kile kilicho haba. Mia sita kwa siku tatu ni mia mbili kwa siku. Mia tisa kwa siku tisa ni mia moja. Kila siku trei inapobeba bapa, mnapoteza mia moja.

Kwa kifupi, kichanja cha Shangazi hakina mchango wa kutosha. Natambua kwamba alikinunua kwa akiba yake. Lakini fedha iliyokwisha kutoka ni gharama iliyozama. Haina kura katika uamuzi wa leo. Kiondolewe bapa, kijazwe chaki nyeupe. Trei mia moja na ishirini kwa siku tatu ni trei arobaini kwa siku, yaani maboksi themanini. Agizo lote linaingia bila kununua hata msumari.

Shangazi naye apumzike. Umri wake unastahili kiti, si kusimama mbele ya vichanja. Nadhani atafurahi.

Vibao vya maduka nimeviacha. Vilinishinda.

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Februari

Mdogo wangu,

Nilitia sahihi tarehe kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimeamua kumweleza Shangazi mwenyewe, taratibu, kwa maneno yangu. Sikupata nafasi hiyo.

Nilipokuwa kwa wakala, barua yako ilibaki juu ya meza yangu. Fundi cherehani wa barabara ya pili alikuja kuchukua bapa zake. Shangazi macho yake hayaoni tena mwandiko wako wa sisimizi, akaona bahasha, akamwambia, "Nisomee kijana wangu anasemaje." Fundi, ambaye husoma kama anavyokata kitambaa, kwa kuruka, akasoma. Niliporudi niliwakuta wamesimama chumba cha kukaushia, Fundi ameshika barua kama mtu aliyeokota nyoka akidhani kamba.

"Rudia hapo," Shangazi akasema.

"Mama, tuache tu."

"Rudia, nimesema. Mimi si yai."

"'Kichanja cha Shangazi hakina mchango.'" Akaisogeza karatasi karibu na macho. "'Alikinunua kwa akiba yake. Lakini fedha iliyokwisha kutoka ni gharama iliyozama.'"

Nikaingia kati: "Shangazi, mchango hapo ni neno la kihasibu."

"Kwani mimi mchango siujui? Nimeuchanga kwenye misiba mingapi, harusi ngapi? Mtu akiambiwa hana mchango, maana yake watu walipochanga yeye alikaa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kichanja chake. Akaniambia, "Jaza chaki nyeupe, mama. Nafasi hiyo hapo," akatoka na Fundi. Sasa anakaa kwenye duka la Fundi, meza ya nyuma, anamimina bapa zake huko. Nimekwenda mara tatu. Ananiuliza habari za wateja, ananikaribisha kiti, basi.

Kichanja nimekijaza. Tunatoa themanini kama ulivyosema. Hesabu zako hazina kasoro.

Dada yako

*

Tarehe 20 Februari

Dada yangu,

Sikuandika "hakina mchango". Niliandika "hakina mchango wa kutosha". Maneno mawili yaliyorukwa yanageuza sentensi nzima, na ningeomba Fundi ayasome tena mbele ya Shangazi, sentensi ikiwa kamili.

Nimeisoma aya hiyo iliyo juu na nimeona ni ya mtu anayestahili kupigwa kofi. Naiacha ilivyo ili ujue kwamba naijua.

Kuna jambo jingine, na hili linaninyima utulivu tangu jana. Umesema bapa zilikuwa zikijaza trei thelathini. Trei moja hubeba vipande hamsini. Thelathini kwa siku tisa zingetoa vipande elfu moja na mia tano. Nimerudi kwenye orodha zako za mauzo za mwaka jana: Shangazi huuza paketi kumi na mbili kwa juma, kila paketi vipande ishirini. Kwa siku tisa hiyo ni mia tatu na kitu. Zingehitaji trei sita ukimpunja, saba ukiwa mkarimu.

Basi trei ishirini na tatu zilibeba nini? Na kichanja hicho kinaitwa cha Shangazi kwa sababu ya kilichomo juu yake, au kwa sababu ya aliyekinunua? Mimi nilisoma jina nikaliandika kama hesabu. Nina hofu kwamba nawe ulifanya vivyo hivyo.

Tafadhali pita chumba cha kukaushia hadi uani, uniambie bapa zilikuwa zikikaushwa juu ya nini hasa. Usikisie kutoka mlangoni.

Mdogo wako

*

Tarehe 23 Februari

Nukta, mwanangu,

Anayeandika ni Fundi, mimi nasema tu. Nimemwapisha asiruke neno. (Naapa. Fundi.)

Mimi sijambo. Hapa nina meza, nina beseni langu la plasta, na kelele za cherehani zinanichosha masikio lakini zinanifukuzia mawazo. Usimlaumu dada yako. Usimlaumu Fundi, yeye aliombwa kusoma akasoma. (Ahsante mama.) Andika ninayosema, usijibu.

Dada yako ameniletea maelezo yako, eti uliandika "wa kutosha". Sawa. Nimeyapima hayo maneno mawili. Kuambiwa huna mchango ni tusi la mtu mlevi, mtu hulisahau. Kuambiwa mchango wako hautoshi ni la mtu aliyekaa akahesabu.

Sasa na mimi nikuulize hesabu. Nilipoacha kazi ya hospitali nilipewa akiba yangu yote mara moja. Niliigawa mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja likanunua kichanja, kwa kuwa kiwanda cha marehemu kaka yangu kilikuwa kinauza chaki za kuvunjika na watu wanakicheka. Fungu la pili likawa ada yako ya chuo, miaka mitatu. Wewe uliambiwa ni mafao ya baba yako. Baba yako hakuacha mafao, aliacha madeni na kalibu mbili. Nilitaka uende chuo ukijidai una baba.

Basi niambie, mwanangu msomi. Fungu la kwanza limezama, umeandika. Na lile la pili? Lilitoka siku hiyohiyo, kwenye bahasha hiyohiyo.

(Nimemuuliza kama amemaliza, amesema bado, kisha amesema amemaliza. Fundi.)

Shangazi yako

*

Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Chaki zinavunjika.

Zilianza juma lililopita. Wakala alirudi na boksi mkononi, akalifungua juu ya kaunta yangu. "Mwalimu amevunja tatu akiandika tarehe tu," akasema. "Hajafika kwenye somo." Kati ya kila maboksi kumi yanarudi matatu. Wateja wa siku zote nao wananiuliza kama nimebadilisha plasta.

Nilifanya ulichoniambia, nikaenda uani. Bapa za Shangazi zilikuwa zikikauka juu ya mbao za madirisha ya zamani, zimepangwa kwenye matofali nyuma ya tangi la maji. Hakuna hata moja iliyowahi kukaa kwenye trei. Miaka yote hii napita pale kwenda kuchota maji.

Kichanja cha dirishani alikuwa akikitumia kwa chaki nyeupe. Mmiminaji wetu ndiye aliyenieleza, akinishangaa kana kwamba nimemuuliza mlango uko wapi: "Dada, si ndiyo siku ya nne?" Trei ikimaliza siku tatu, Shangazi aliihamishia dirishani penye upepo siku moja zaidi. Trei mia moja na ishirini kwa siku nne ni thelathini kwa siku, yaani maboksi yaleyale sitini. Hesabu yako ilikubali, na ya kweli ilikubali pia, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nikamwuliza basi kwa nini nisirudishe siku ya nne tu yakaisha. Akacheka. "Siku nyingine alikuwa anaziacha tano, mvua ikinyesha. Alikuwa anagonga mbili pamoja. Zikilia ti, zimekomaa. Zikilia du, anarudisha. Mimi nikigonga zote zinalia ti."

Nikaenda kwa Fundi. Nilipiga magoti, sioni haya kukuambia. Nikasema, "Shangazi, rudi. Tumekosa, mimi wa kwanza."

"Inuka, utachafua sketi, sakafu ya Fundi ina mafuta."

"Nirudi na wewe?"

"Wakala anadai lini?"

"Zimebaki siku ishirini na tatu."

"Kwa trei mlizonazo na siku ya nne hamtamaliza. Mnahitaji kichanja cha tano, trei arobaini." Alikuwa ameshapiga hesabu zote huku anakata vipande vyake. Halafu akasema: "Nitakuja kugonga. Lakini mwambie Nukta anipe bei. Sitaki asante, sitaki pole. Anipe bei, kama anavyoipa plasta."

Nilidhani ni utani. Fundi alikuwa anacheka, akaacha kucheka.

Dada yako

*

Tarehe 10 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimeandika barua nne kabla ya hii na kuzichana. Zote zilikuwa za kuomba radhi, na kila moja nilipoisoma niliona inaniombea mimi nafuu kuliko inavyokupa wewe haki. Umeomba bei. Nitakupa bei, kwa uaminifu wote nilionao.

Kila huduma ina sakafu na dari. Sakafu ni kile unachokiacha kwingine ili uje huku. Fundi amemwambia Dada kwamba asubuhi moja ya bapa hukupa elfu mbili na mia tano. Chini ya hapo usikubali. Dari ni hasara unayoizuia. Bila wewe, katika trei arobaini za kila siku, kumi na mbili zinarudi. Hapa sihesabu mchango, nahesabu bei nzima, kwa kuwa plasta ilishaliwa na boksi lilishachanika. Trei kumi na mbili kwa elfu moja ni elfu kumi na mbili kwa siku. Dada anaweza kukulipa hadi kiasi hicho bila kuwa maskini kuliko alivyo leo.

Mhasibu wa upande mmoja hamwonyeshi muuzaji dari ya mnunuzi. Ningelifanya hilo kazini, ningefukuzwa. Nimekuonyesha.

Kuhusu swali lako la fungu la pili. Kanuni inasema fedha iliyotoka haiamui tufanye nini kesho. Haisemi kwamba haidaiwi. Chuoni walitufundisha sentensi ya kwanza na nikaipenda kwa sababu ilikuwa safi. Sikujua nani aliilipia.

Sijui nihesabu vipi kilichobaki. Nimejaribu.

Nukta wako

*

Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Kichanja cha tano kimefika, trei arobaini mpya, mbao bado zinanukia. Wakala ametuongezea siku kumi na nne baada ya kumrudishia kila boksi lililovunjika. Sasa tunatoa themanini kwa siku, na halijarudi hata boksi moja tangu Jumatatu iliyopita. Ulitaka kujua kama uamuzi wa kukua ulikuwa sahihi. Kwenye karatasi, ulikuwa sahihi.

Shangazi alisomewa barua yako mara mbili. Kuhusu dari alisema, "Dari mwachie mjenzi," akataja elfu tatu kwa siku. Nikasema ni kidogo, achukue hata sita. Akasema, "Nimetaja bei yangu. Mteja hampandishii muuzaji." Kuhusu yale maneno ya mwisho hakusema kitu. Barua ameiweka kwenye kopo lake la pini. Haimo tena kwenye bahasha. Sijui hilo linamaanisha nini, nawe usilipigie hesabu.

Huja saa mbili kamili. Hugonga chaki zake, trei kwa trei, na chumba kizima hunyamaza ili asikie. Akimaliza huhesabu pesa, hutia sahihi kwenye kitabu changu cha malipo, hukataa chai. Mmiminaji humwita "Bosi" amchekeshe. Hucheka, lakini kicheko cha mgeni, kile cha kumridhisha mwenye nyumba. Nimemuuliza kama ameshatusamehe. Akanijibu kwamba kazi ikiwa nzuri na malipo yakiwa kwa wakati, hakuna cha kusamehe.

Ufunguo wa kiwanda aliuweka mwenyewe juu ya meza yangu siku ya kwanza aliyolipwa. Amekuwa nao miaka kumi na tisa. Alisema mtu wa nje hakai na ufunguo wa watu.

Leo asubuhi nilichelewa kufungua mlango wa mbele. Nikamsikia amesimama barabarani, katikati ya wapita njia, anabisha: "Hodi. Hodi wenyewe."

Nikasema, "Karibu," na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ninayowapokelea wateja.

Dada yako